Kwa nini baiskeli ya mlimani ya zamani haipokei tena vipuri vipya?

#1 Mteremko_Kibosho (Moshi)
Salaam, wakuu. Ninayo baiskeli ya mlimani ya inchi 26 niliyoitoa Kiboriloni kwenye mzigo wa mitumba: fremu ya aluminiamu, breki za diski, sprokati 3 mbele na gia 9 nyuma. Fremu haina ufa wala mbonyeo. Foki ya mbele imeanza kuvuja oili, nikaona nitumie nafasi hiyo kuweka foki mpya na kuhamia kwenye mfumo wa sprokati moja mbele na gia 12 nyuma, maana kupanda kutoka mjini kwenda Kibosho huku unahangaika na gia za mbele ni adhabu.

Duka la kwanza wakasema foki zao zote zina bomba nene upande wa chini na haziingii kwenye shingo ya fremu yangu. Duka la pili, huko Arusha, wakasema kaseti (rundo la gia za nyuma) ya gia 12 haikai kwenye habu yangu (kitovu cha gurudumu). Nikauliza bei ya gurudumu zima lenye habu mpya, nikaambiwa ni pana kuliko fremu. Kila kipuri kinadai kipuri kingine, na mwisho wa hesabu vilivyobaki salama ni siti na pedeli.

Madai yangu ni kwamba viwango hivi vinabadilishwa makusudi ili tununue baiskeli nzima upya. Baiskeli ya Phoenix ya marehemu babu yangu imenizidi umri, na hadi leo inapata vipuri gulioni. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo.

#2 Gololi_Ngarenaro (Arusha)
Karibu chamani, mkuu. Mimi nilianza kwa kutafuta kaseti, nikaishia kununua baiskeli. Mke wangu bado anaamini kwamba nilibadilisha kaseti tu.

#3 FundiSpoku (Moshi)
Tutenganishe mambo, kwa sababu matatizo yako ni matatu na hayafanani.

Tuanze na foki. Bomba la foki yako, lile linaloingia kwenye shingo ya fremu, lina kipenyo cha inchi 1 na 1/8 juu mpaka chini, yaani milimita 28.6. Foki nyingi za sasa zinaanza na kipenyo hicho juu na kuishia inchi 1 na nusu chini. Kama tundu la shingo ya fremu yako ni milimita 34, foki hiyo haiingii kwa dawa yoyote. Kama ni milimita 44, ipo beringi ya chini inayokaa nje ya shingo, na foki mpya itaingia. Pima kwa kalipa kabla ya kununua chochote.

Kaseti ina historia yake. Shimano, kampuni ya vipuri, walitumia meno yaleyale ya frihabu (sehemu ya habu inayobeba kaseti), yanayoitwa HG, kwa gia 8, 9, 10 na hata 11 za mlimani, kwa hiyo kaseti ya mlimani ya gia 11 inaingia kwenye habu yako leo hii. Mwaka 2012 wapinzani wao SRAM walileta frihabu ya XD pamoja na mfumo wao wa XX1, kwa sababu walitaka gia ndogo kabisa iwe na meno 10, na kwenye HG gia ndogo ya kawaida ni ya meno 11. Mwaka 2018 Shimano wakaleta yao, Micro Spline, pamoja na mfumo wao wa XTR wa gia 12. Tangu hapo mwenye habu ya HG amebaki kituoni akitazama mabasi mengi yanavyopita.

La mwisho ni upana. Fremu yako nyuma ni milimita 135, na ekseli yake ni ile nyembamba ya kufungua kwa mkono. Baiskeli nyingi za mlimani za sasa ni milimita 148, na ekseli yake ni nene ya milimita 12 inayopenya fremu upande hadi upande. Hapo hakuna ujanja.

#4 MhandisiSakina (Arusha)
Nampinga mwenye uzi, na ninampinga kwa hesabu. Rimu ya inchi 26 ina kipenyo cha milimita 559, na ya inchi 29 ina milimita 622. Ukirefusha spoku huku flanji za habu (kingo zinazoshika spoku) zimebaki palepale, gurudumu linakuwa legevu kwa pembeni. Ndiyo maana mwaka 2014 SRAM na Trek, watengenezaji wa baiskeli, walileta upana wa 148, unaoitwa Boost: flanji zinasogea nje milimita 3 kila upande, spoku zinapata pembe nzuri zaidi, na fremu inapata nafasi ya tairi pana.

Bomba nene la foki lina sababu yake pia, kwa kuwa mzigo mkubwa unaangukia beringi ya chini. Hata ekseli inayopenya haikuletwa kwa ajili ya mapambo. Breki ya diski ikikamata kwa nguvu, inaelekea kuisukuma ekseli itoke kwenye mdomo wa foki, na ile klipu ya mkono ilibuniwa kabla ya diski kuenea. Ukiteremka kutoka Uru kwa kasi utapenda kuwa na kitu kinachopenya.

#5 MzeeWaPhoenix (Moshi)
Mhandisi, umeeleza vizuri kwa nini upana uliongezwa, lakini hukueleza kwa nini ukawa 148. Upana wa 150 ulikuwepo tayari kwenye baiskeli za mashindano ya kuteremka, na 157 ni huohuo ulioongezewa vijishimo vya kukalia ekseli kwenye fremu, kama vile 142 ilivyo 135 iliyoongezewa vijishimo. Kama shida ilikuwa flanji, wangechukua upana uliokuwa dukani. Badala yake wakabuni mwingine katikati, kisha baada ya muda wakatokea wengine wakarudi kwenye 157 na kuupa jina la Super Boost. Mtu mzima hashindwi kuona biashara hapo.

#6 MhandisiSakina
Shikamoo, mzee wangu. Upana wa 150 unasogeza mnyororo nje mno, na krenki (mikono ya pedeli) inabidi ipanuke pia, hivyo miguu inakaa mbalimbali na visigino vinagusa fremu. Kwa mteremkaji si tatizo kubwa, lakini kwa anayekanyaga pedeli saa nzima kwenda Machame ni tatizo. Milimita 148 ilikuwa maafikiano.

#7 MzeeWaPhoenix
Marahaba. Maafikiano ambayo mteja hakualikwa kwenye kikao.

#8 KijanaWaRau (Moshi)
Wakuu, kwani gurudumu la 29 si linaizidi 28 ya Phoenix kidogo tu? Mimi naona wangetengeneza fremu zote za 28, na vipuri vipo kila kona.

#9 FundiSpoku
Mdogo wangu, hapo umetegwa kama wengi walivyotegwa. Namba za inchi zinahesabu gurudumu pamoja na tairi, wala si rimu peke yake. Rimu ya Phoenix ya 28 kwa moja na nusu ni milimita 635, kwa hiyo ni kubwa kuliko rimu ya 29, ambayo ni 622. Kinachoifanya 29 iitwe 29 ni unene wa tairi. Wateja wameniletea tairi ya Phoenix wakitaka niivalishe kwenye 29, na inapwaya kama kofia ya kuazima. Ukinunua tairi, soma namba ndogo ya milimita iliyochapwa ubavuni na uachane na ile kubwa ya inchi. Jambo la kushangaza ni kwamba 622 hiyohiyo ndiyo rimu ya baiskeli za mbio za barabarani, kwa hiyo 29 haikuleta rimu mpya duniani.

#10 BintiMeru (Usa River)
Nikubaliane nusu na mwenye uzi na nusu na Mhandisi. Gurudumu kubwa lilijithibitisha kwenye mashindano. Machi 2012 Nino Schurter alishinda mbio za Kombe la Dunia za baiskeli za mlimani kwa gurudumu la 27.5 pale Pietermaritzburg, Afrika Kusini, na mwaka huohuo kwenye Olimpiki ya London Jaroslav Kulhavý akamshinda akiwa juu ya 29. Hakuna aliyelazimishwa na tangazo la biashara kufika mstarini mapema.

Upande wa krenki, hata hivyo, sioni utetezi. Kwa miaka mingi fremu zilikuwa na thredi ya BSA, fundi anafungua vikombe vya beringi za krenki, anaweka vipya, kazi imekwisha. Kisha ikaja BB30, PF30, BB92 na ndugu zao, beringi zinabanwa kwa nguvu kwenye tundu lisilo na thredi, na fremu ikiwa imetobolewa vibaya kidogo tu, inalia kwa kila mzunguko wa pedeli. Sasa makampuni kadhaa yamerudi kwenye thredi. Kama ule wa kwanza ulikuwa uboreshaji, huu wa kurudi unaitwaje?

#11 Gololi_Ngarenaro
Dada, umesahau DUB ya SRAM ya mwaka 2018, yenye ekseli ya krenki ya milimita 28.99. Wala si 29, wala si 28. Naomba mwenye elimu anieleze ile sehemu ndogo ya milimita iliyopunguzwa ilikuwa inawakera nini.

#12 MhandisiSakina
SRAM walieleza kwamba walipunguza kutoka 30 ili ipatikane nafasi ya sili nzuri zaidi za kuzuia maji na vumbi, na ili krenki ya aina moja iingie kwenye fremu za aina nyingi. Kwa vumbi la Ngaramtoni wakati wa kiangazi, mimi siwalaumu.

#13 Mwongoza_Njia (Mto wa Mbu na Arusha)
Mimi ninaongoza watalii kwa baiskeli, na ninataka kuleta upande mwingine. Ofisi yetu ilipata nafuu siku tulipoamua kwamba baiskeli zote za kukodisha ziwe za kiwango kimoja: magurudumu ya aina moja, pedi za breki za aina moja, mnyororo wa aina moja. Kabla ya hapo sanduku la vipuri lilikuwa zito kuliko mizigo ya wageni, na bado kilichohitajika hakikuwemo.

Mgeni mmoja aliwahi kuja na baiskeli yake ya gharama kubwa. Siku ya kwanza tu, upande wa West Kilimanjaro, kijiti kilinasa kwenye direla ya nyuma (kifaa cha kuhamisha mnyororo) na kile kijisikio cha aluminiamu kinachoishikilia kikakatika. Kijisikio hicho kilikuwa cha modeli ile tu, hata ndugu yake wa kampuni ileile hakufanana naye. Baiskeli ikasafiri juu ya gari hadi mwisho wa safari, na mwenyewe akapanda ya kwetu ya kukodisha. Mwaka 2019 SRAM walitoa kijisikio cha aina moja kwa fremu zote zitakazokubali, kinaitwa UDH, na makampuni mengi yamekipokea. Kwa hiyo si kila kiwango kipya ni adui wa mtu maskini. Hicho kimoja kimefuta mamia ya maumbo yasiyo na maana.

#14 MzeeWaPhoenix
Mwongoza Njia, malizia hadithi. Mwaka 2023 hao hao wakatoa direla inayofungwa moja kwa moja kwenye fremu bila kijisikio, na inakubali fremu za UDH peke yake. Zawadi ilikuja na ankara yake.

#15 Mwongoza_Njia
Sikatai, mzee. Ila kijisikio bado kinauzwa, na direla za zamani bado zinafungwa juu yake.

#16 MwalimuTengeru
Habari za jioni. Naomba niongeze suala la oili ya breki, kwa sababu limeniumiza. Breki za Shimano za majimaji zinatumia oili ya madini, na breki nyingi za SRAM za miaka ya nyuma zinatumia DOT, ambayo ni jamii ya oili ya breki za gari. Fundi mmoja, ambaye simtaji, alijaza breki zangu za Shimano kwa oili ya gari iliyobaki kwenye chupa. Baada ya muda mpira wa ndani ukavimba, mkono wa breki ukabaki umekwama nusu njia, na nililazimika kubadilisha mfumo mzima wa mbele. Kabla ya kuruhusu chupa ifunguliwe, soma kifuniko cha mkono wa breki, kimeandikwa.

#17 KijanaWaRau
Pole sana, Mwalimu. Na vali je? Pampu ya kituo cha mafuta haishiki vali zangu nyembamba.

#18 FundiSpoku
Nunua kichwa kidogo cha shaba cha kugeuza, kinakaa mfukoni. Usikubali mtu atoboe rimu ili iingie vali ya gari: tundu la vali nyembamba ni milimita 6.5 na la vali ya gari ni 8.5, na kwenye rimu nyembamba hizo milimita 2 ndizo uhai wake. Turudi kwenye mada.

#19 MamaNjiro (Arusha)
Mteremko_Kibosho, nina fremu ya umri wa yako na nilipita njia hiyohiyo, ila niliacha kufukuza gia 12. Microshift wana mfumo unaoitwa Advent: gia 9, kaseti ya meno 11 hadi 42, na inakaa kwenye HG. Kuna na Advent X ya gia 10, meno 11 hadi 48, nayo inakaa kwenye HG. Mbele nikaweka sprokati moja ndogo. Napanda kutoka Njiro hadi kwa wakwe zangu juu ya Moshono bila kushuka.

Tahadhari moja: nunua kibonyezo cha gia na direla kwa pamoja. Shimano walipohamia gia 10 za mlimani mwaka 2010 walibadilisha kiasi cha waya kinachovutwa kwa kila mbonyezo, kwa hiyo kibonyezo chako cha gia 9 hakitaelewana na direla ya mlimani ya gia 10, hata kama zote zina jina la Shimano. Nimeona watu wakimlaumu fundi kwa kosa hilo, na fundi wa watu hana hatia.

#20 Gololi_Ngarenaro
Mimi nauliza tu: hao vijana wanaoteremsha ndizi kutoka Kibosho hadi Mbuyuni kwa Phoenix isiyo na gia hata moja, wao wanatumia kiwango gani?

#21 Mteremko_Kibosho
Wanapanda wakiisukuma kwa mkono, mkuu. Ukitaka nami nisukume, sema waziwazi.

#22 KijanaWaRau
Je, fremu haiwezi kupanuliwa nyuma kutoka 135 hadi 148? Pale Unga Limited, Arusha, wapo watu wa kukereza vyuma na kunyoosha kila kitu.

#23 FundiSpoku
Fremu ya chuma unaweza kuipanua milimita chache, kwa sababu chuma kinapinda na kubaki kilivyopinda. Aluminiamu haina huruma hiyo: inaanza ufa mdogo kwenye weldi usiouona, na utauona siku nyingine ukiwa kwenye mteremko. Vipo vifaa vya kupanua habu nyembamba ili iingie kwenye fremu ya Boost, pamoja na kipande cha kusogeza diski milimita 3, lakini njia ni ya upande mmoja. Habu pana haipunguzwi. Wakerezaji wa Unga Limited nawaheshimu, wananichongea bushi mara kwa mara, ila hiyo kazi msiwapelekee.

#24 MhandisiSakina
Naongezea njia ambayo haijatajwa. Kwa kuwa una breki za diski, rimu ya 27.5 inaweza kuingia kwenye fremu ya 26. Rimu yake ni milimita 584, kwa hiyo nusu kipenyo inaongezeka milimita 12 na nusu tu, na ukichagua tairi isiyo nene mara nyingi inapita. Angalia nafasi kwenye daraja la fremu nyuma ya krenki, hapo ndipo inapogusa kwanza. Mwenye breki za kubana rimu asijaribu, pedi hazitafika mahali pake.

#25 BintiMeru
Kuna jambo moja linanisumbua tangu uzi uanze. Tunazungumza kana kwamba kuna baraza linalokaa na kubadilisha viwango. Halipo. ISO 4210 inahusu usalama wa baiskeli, na ISO 5775 inahusu vipimo vya tairi na rimu, lakini hakuna sheria inayomlazimisha mtengenezaji kufanya habu yake iingie kwenye fremu ya mwenzake. Kila mmoja anabuni chake na kukiita kiwango, anayeuza zaidi ndiye anayefuatwa. Kwa hiyo mimi sioni njama wala sayansi tupu. Naona soko lisilo na mwamuzi.

#26 MzeeWaPhoenix
Binti yangu, soko lisilo na mwamuzi ndiyo njama yenyewe, tofauti ni kwamba hakuna wa kumshitaki.

#27 MamaNjiro
Au tatizo liko kwetu. Vipuri vizuri vya 26 bado vipo vingi Ulaya, vimerundikwa kwenye magereji ya watu, lakini mzigo wa mitumba unachagua kinachouzika haraka: baiskeli nzima, si foki moja wala kaseti. Kwenye maduka yetu tairi za 26 zimejaa, ila ni zile nzito za baiskeli za bei nafuu. Wenye baiskeli za Boost leo nao watakutana na hali hiyohiyo Kiboriloni baada ya miaka kadhaa, wakati sisi tutakuwa tunatafuta kitu kingine.

#28 Mteremko_Kibosho
Nashukuru wote. Nimepima kwa kalipa ya jirani: tundu la shingo ni milimita 34. Kwa hiyo foki ya bomba nene nimeifuta. Za bomba jembamba nilizoziona mtandaoni ni nzito na zina chemchemi ya chuma, hazifikii hata hii yangu mbovu. Krenki nilitaka kuitoa ili niweke sprokati moja, lakini kikombe cha kulia kimegoma, fundi wa mtaani alikuwa anatafuta patasi.

#29 FundiSpoku
Mwambie aweke patasi chini mara moja! Kikombe cha kulia cha BSA kina thredi ya kushoto, kinafunguka kwa kuzungushwa kuelekea mbele ya baiskeli unapokitazama, yaani upande ambao kwa kawaida ungekaza. Kila akitumia nguvu kwa mazoea anazidi kukikaza. Weka oili ya kulainisha kutu usiku, asubuhi tumia spana yake yenye meno, si nyundo. Hiyo BSA ndiyo bahati ya fremu yako, vikombe vipya vya ekseli ya milimita 24 bado vinauzwa bila shida, kwa hiyo usiiharibu.

Na foki, usiitupe. Kuvuja oili ni sili zimechoka tu. Pima unene wa miguu ya foki, toa sili ya zamani, nenda nayo kwenye duka la beringi na sili za magari, mara nyingi kipimo chake cha ndani na cha nje kinapatikana, ilimradi mdomo wake uwe laini na usiwe mgumu kama wa gari. Kama nikel ya mguu imekwanguka kwa urefu, hapo ndipo tutazungumza tena.

#30 Gololi_Ngarenaro
Spana ya meno ya vikombe vya nje ninayo, nitakuja nayo Moshi Jumamosi. Malipo ni mtori.

#31 Mteremko_Kibosho
Mtori upo. Njoo na kalipa pia, ya jirani ameichukua.

#32 MhandisiSakina
Kabla hamjanunua sprokati, pimeni mstari wa mnyororo. Fremu ya 135 inataka sprokati ikae karibu milimita 49 au 50 kutoka katikati ya fremu, na krenki nyingi za Boost zinaiweka 52 au zaidi. Ikikaa nje mno, gia kubwa ya nyuma italia na mnyororo utakwisha mapema.

#33 MzeeWaPhoenix
Basi mnaona wenyewe, hata milimita 2 zina mwenyewe.